Legere: kuokota kwanza, kusoma baadaye

Kamusi ndogo za Kilatini huandika legere "kusoma", basi. Maana hiyo ilikuja baadaye, na ukianza nayo utakwama mapema. Asili ya kitenzi hiki ni kuokota au kuchuma kimoja kimoja. Wachuma zeituni wa Kirumi waliitwa leguli. Ossa legere ni kuokota mifupa baada ya maiti kuchomwa; vela legere ni kukunja matanga. Mwizi wa vitu vya hekaluni ni sacrilegus, na hapo kuokota kumeshakuwa udokozi.

Anayechuma huacha mbichi, ndiyo maana legere ni kuchagua pia. Legio, kikosi cha Kirumi, maana yake ya kwanza ni uteuzi wa askari. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anaueleza: vijana wenye umri na umbo linalolingana waliletwa wanne wanne, na legio nne zikachukua mmoja mmoja, ya kwanza ikitangulia kuchagua. Wanne waliofuata, ya pili ilitangulia, kisha ya tatu, ili vikosi vyote vilingane. Wakatoliki wa chama cha Legio ya Maria wanalitamka neno hilohilo.

Kusoma, basi, ni kuokota herufi kwa jicho. Kijerumani nacho kina lesen, kusoma na kuchuma zabibu.

Viambishi vinafuata mantiki hiyo. Colligere ni kukusanya, eligere kuteua, intellegere kuchagua kati ya vitu, yaani kuelewa. Neglegere ni kutookota, hivyo kupuuza. Ninayoipenda zaidi ni diligere: kumtenga mtu na wengine kwa kumthamini, yaani kumpenda. Angalia wakati uliopita: collegi na elegi, lakini intellexi, neglexi, dilexi. Wanafunzi wengi huandika intellegi, na maana inageuka: hilo ni "kueleweka".

Mtego mkubwa ni legit. Ikiwa e ni fupi, "anasoma". Ikiwa ndefu, "alisoma". Vitabu vingi havitii alama ya urefu, kwa hiyo tazama vitenzi jirani, au pima mizani kama ni shairi. Legimus ina shida hiyohiyo. Legam ni "nitasoma" au "nisome", na hapo hata irabu haikusaidii.

Legatus, mjumbe, usimtafute hapa: ametoka legare, kutuma kwa niaba. Wala lectus, kitanda, hakina undugu na lectus, "kilichosomwa". Shina lake ni la kulala.