Wapuritani wa Uingereza: Watu wa Kitabu

Wanafunzi wengi huwajua Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa lao, kwa mambo mawili: walifunga majumba ya tamthilia mwaka 1642, na mwaka 1647 Bunge lao likafuta sikukuu ya Krismasi. Yote mawili ni kweli. Lakini anayeishia hapo hataelewa ni vipi watu hao hao walimpandisha mfalme kizimbani, wala kwa nini vitabu vyao vinasomwa mpaka leo.

Jina lenyewe lilianza kama tusi, katika miaka ya 1560. Walioitwa hivyo walilalamika kwamba chini ya Malkia Elizabeth I Kanisa la Uingereza lilikuwa limeachana na Kanisa Katoliki la Roma nusunusu: makasisi bado walivaa mavazi ya zamani, maaskofu bado walitawala. Wao walitaka mahubiri, na muumini ayapime kwa kitabu alichonacho nyumbani. Biblia waliyoipenda ni ile ya Geneva ya mwaka 1560, iliyojaa maelezo pembeni mwa kurasa. Tuchukue wakunga wa Kiebrania katika Kutoka sura ya 1, waliokataa kuwaua watoto wachanga kama Farao alivyoagiza. Maelezo ya Geneva yalisema kutotii kwao kulikuwa halali. Mfalme James I alichukizwa mno na maneno hayo, na katika mkutano wa Hampton Court, mwaka 1604, akaagiza tafsiri mpya isiyo na maelezo ya namna hiyo, iliyochapishwa 1611. Aliona mbali. Aliyezoea kuipima amri ya Farao ataipima na ya mfalme wake.

Ikawa hivyo enzi ya mwanawe, Charles I. Mwaka 1637 waandishi watatu wa Kipuritani walikatwa masikio hadharani kwa sababu ya maandishi yao. Miaka mitano baadaye vita vilizuka kati ya mfalme na Bunge, na mwaka 1647 askari wa jeshi la Bunge wakakaa Putney, karibu na London, kujadili nani ana haki ya kupiga kura. Kanali Thomas Rainsborough alishikilia kwamba hata maskini wa mwisho hafungwi na serikali ambayo hakuiridhia. Tarehe 30 Januari 1649 Charles alikatwa kichwa, ingawa Wapuritani wengi walilipinga jambo hilo.

Madaraka yaliwaharibu, kwa maoni yangu. Waliodai uhuru wa dhamiri walitunga mwaka 1650 sheria ya kuwaua wazinzi. John Milton, mwenzao, alikuwa amekwisha kulionya Bunge mwaka 1644, kwa kijitabu kilichopinga sheria yake ya kukagua vitabu kabla ya kuchapwa.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, kibao kiligeuka, na hapo ndipo kalamu yao ilipokomaa. Milton, sasa kipofu, aliwatamkia wengine tungo zake wakaziandika, na mwaka 1667 ukatoka utenzi wake mkuu, *Paradise Lost*, juu ya uasi na anguko. John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, alifungwa Bedford karibu miaka 12 kwa kuhubiri bila idhini. Mwaka 1678 akatoa *The Pilgrim's Progress*, safari ya mtu mwenye mzigo mgongoni, kwa Kiingereza cha watu wa kijijini kwao. Msomaji hahitaji shule kubwa kumwelewa, na hilo ndilo ninalolipenda kwake.

Mwaka 1662 wachungaji wa Kipuritani wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao kanisani kwa kukataa taratibu zake za ibada. Vijana wao, walionyimwa shahada za Oxford na Cambridge, walisoma katika vyuo walivyojianzishia. Mwandishi Daniel Defoe alitoka katika chuo kimojawapo. Katika riwaya yake *Robinson Crusoe*, ya mwaka 1719, mtu aliyekwama kisiwani anachukua karatasi, anachora safu mbili na kuandika mabaya yaliyompata upande mmoja, rehema za Mungu upande wa pili, kama Wapuritani walivyozoea kuzihesabu nafsi zao katika shajara.