Je, wajua kwa nini washenga wa Kikalmyk walikwenda kuposa na gundi?

Wakalmyk ni Wabudha wenye asili ya Kimongolia, ambao wazee wao walihamia na mifugo yao hadi nyika za sehemu ya chini ya mto Volga katika karne ya 17. Leo jamhuri yao, yenye mji mkuu wa Elista, imo ndani ya Urusi. Zamani, washenga wao walipokwenda kuposa walibeba chai, maandazi yaitwayo boortsog, pombe iliyokenekwa kutokana na maziwa, na pia gundi.

Maana ya gundi inaeleweka ukijua nani aliruhusiwa kumwoa nani. Watu wa ukoo mmoja wa kuumeni hawakuoana, hata kama babu yao wa pamoja aliishi vizazi saba nyuma, kwa hiyo mke alitafutwa kwa watu wa mbali. Gundi iliombea mume na mke hao washikamane wasiachane. Baba wa binti akikubali kunywa pombe ya washenga, posa imepokewa, ndipo mnajimu, zurkhachi, akalinganisha miaka ya kuzaliwa na kuchagua siku njema.

Linalonigusa zaidi ni kwamba mzigo wa kuozesha haukuachiwa familia moja. Sheria Kuu ya mwaka 1640, waliyoafikiana watawala wa Wamongolia na Waoirat (Wamongolia wa magharibi, wazee wa Wakalmyk), iliagiza kwamba katika kila kaya 40, vijana 4 waozeshwe kila mwaka, na kaya 10 zichangie ndoa ya mmoja.

Bibi arusi alipofika kwa mumewe aliinamia jua na moto wa jikoni. Kisha wanawake walimfumua msuko mmoja wa usichana, wakamchana, wakazigawa nywele katika misuko miwili na kuivika mifuko ya mahameli nyeusi iitwayo shivrlg. Yeyote aliyemwona tangu hapo alijua ni mke wa mtu.

Tangu hapo pia hakulitaja jina la bavyaa wala la wakubwa wa mumewe, hata maneno yanayofanana nayo. Tuseme bavyaa aliitwa Ulan, yaani nyekundu: mkazamwana alilazimika kuiita rangi hiyo kwa neno jingine, au kuligeuza lile la kawaida, kila alipozungumzia kitambaa au farasi mwekundu.