Beji ya mti kutoka ng'ambo ya Sabaki

Picha nyingi ninazotumiwa kwenye WhatsApp na watu waliookota beji za zamani za jeshi ni za upande mmoja tu: uso wa beji, tena umeshasuguliwa ukang'aa. Maswali nayo ni yale yale: ni ya nani, na ina thamani gani? Mimi nalipenda lile la kwanza, na siwezi kulijibu kwa kutazama uso peke yake. Nataka kuuona mgongo wa beji, nijue imetoka ardhi ipi, na nipate kuishika kabla haijapakwa ndimu. Kwa nini nasisitiza hivyo, nitaeleza kwa beji moja iliyonifikia hapa Malindi.

Aliyeileta ni kijana aliyeachiwa mashine ya kutafutia vyuma na Mtaliano aliyekuwa akimfanyia kazi. Alikuwa akisafisha shamba la mjomba wake ng'ambo ya Mto Sabaki, upande wa barabara iendayo Garsen, mashine ikalia karibu na kisiki. Akachimba kiasi cha shubiri moja, akatoa kipande cha shaba ya njano kilichoshika rangi ya kijani, katikati pana mti, chini ya mti pana herufi. Nyumbani wakaafikiana kwamba huo ni mnazi, basi beji ni ya Pwani. Mjomba akakumbuka kwamba babu yao alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Kufikia jioni beji imeshapata mwenyewe.

"Ami, hii si ya babu kweli?" akaniuliza, na nikaona alivyotamani nikubali.

Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902 kwa kuviunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati ya Waingereza, ambayo sasa ni Malawi. Alama yake ni buruji, ile tarumbeta fupi ya jeshi, na kwenye mabega askari walivaa herufi K.A.R. za shaba. Beji ya Keya nitaitafuta buruji kwanza. Mti haumo.

Nikaizima taa ya chumbani, nikawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa beji, mwanga ukapita juu ya uso wake kutoka pembeni. Hii ndiyo mbinu ninayoitegemea kuliko kemikali yoyote. Mwanga ukitoka juu, herufi iliyolika haionekani. Ukitoka ubavuni, hata mkwaruzo hutupa kivuli. Zikatoka W, A, F, F, zikifuatana vizuri. Kabla ya W palikuwa na uvimbe wa kutu. Nikaigeuza beji polepole, na chini ya uvimbe ule ukajitokeza mguu wa mshazari wa herufi R.

R.W.A.F.F. Hicho ni kikosi cha Afrika Magharibi, Royal West African Frontier Force, na mti wake ni alama ya huko, si mnazi wetu. Na ile R iliyofichwa na kutu ndiyo inayotupa tarehe. Kikosi hicho kilipewa jina la Royal mwaka 1928. Kabla ya hapo kilikuwa W.A.F.F. tu. Askari wa Afrika Magharibi waliletwa huku katika vita vyote viwili vikuu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1916, wakapigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1940, brigedi za Nigeria na za Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, zilipoletwa Kenya kuwakabili Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia. Mwaka huo huo ndege za Kiitalia ziliudondoshea mabomu mji wetu wa Malindi. Februari 1941 majeshi yale yakavuka kwenda kaskazini: Kismayu ikaanguka tarehe 14, na Wanigeria wakaingia Mogadishu tarehe 25. Beji yenye R haiwezi kuwa ya 1916.

Sikuishia hapo, kwa sababu beji inaweza kuhama. Mtoto huiokota akaichezea, mwanamke akaitia kwenye mkufu, ikaangukia kijiji kingine kabisa. Nilimwuliza kijana kama mashine ililia kwa kitu kingine pale pale. Akatoa kopo la maziwa lenye maganda matupu ya risasi. Ganda la risasi ya jeshi la Uingereza lina maandishi kwenye kitako chake, na maganda ya vita vile viwili mara nyingi yana alama ya kiwanda na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Moja lilikuwa na 39 inayosomeka bila shida. Ganda la mwaka 1939 na beji ya baada ya 1928, vyote kutoka shimo moja: hapo nikatosheka kwamba palikuwa na watu wa 1940 au 1941 shambani pale. Kama angeniletea beji imefungwa kwenye leso, bila kopo na bila kujua ilitoka wapi, nisingethubutu kusema hivyo.

(Nikitaja risasi nasema maganda matupu. Risasi nzima, bomu la mkono au chochote chenye umbo la bomu usikiguse, usikipige picha kwa karibu, usikipeleke nyumbani. Weka alama ukiwa mbali nacho, uwaite polisi. Baruti ya vita vile haijafa kwa kuzeeka.)

Beji nyingi za Waingereza zina taji juu yake, na hapo ndipo pa kuanzia. Wakati wa wafalme, kuanzia 1901 hadi 1952, taji lililowekwa kwenye beji lina matao yaliyopanda na kuviringika juu kama kuba la msikiti. Alipotawala Elizabeth II likaja taji jingine, matao yake yamebonyea katikati. Watu wengi wanaojifunza hukariri hili kwa ufupi, kwamba la duara ni la mfalme na lililobonyea ni la malkia, kisha wakapata kifungo chenye taji lililobonyea wakaandika 1953. Polepole hapo. Mataji ya enzi ya Victoria nayo mengi yamebonyea katikati, na Victoria alifariki mwaka 1901. Kati ya malkia hawa wawili pana nusu karne nzima. Herufi za jina la mtawala zikiwepo zinamaliza ubishi: VR ni Victoria, EVIIR ni Edward wa Saba hadi 1910, GVR ni George wa Tano hadi 1936, GVIR ni George wa Sita, EIIR ni Elizabeth. Zisipokuwepo, geuza mgongo.

Mgongo husema namna kitu kilivyotengenezwa. Beji iliyopigwa kwa mashine huwa nyembamba, na umbo la mbele huonekana nyuma kama shimo: buruji imeinuka mbele, nyuma imezama. Beji iliyomiminwa kwenye kalibu huwa nzito, mgongo wake bapa, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona chembechembe mfano wa mchanga. Kumiminwa si dalili ya udanganyifu peke yake, maana wakati wa vita mafundi walimimina beji walipokosa za kiwandani. Lakini beji iliyomiminwa kutokana na beji nyingine hupungua kidogo, na kingo zake hulegea, na hizo ndizo zinazouzwa kwa wageni. Tazama pia kishikio. Vipete viwili vya waya vilivyopitishiwa pini ni mtindo wa zamani uliodumu muda mrefu. Ulimi mrefu wa bati wa kuchomeka kwenye mkunjo wa kofia ulianza kuzoeleka kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Beji ya plastiki ya kahawia ni ya Vita vya Pili, Waingereza walipokuwa wakibana matumizi ya madini, na hiyo mashine yako haitaiona. Ya alumini iliyotiwa rangi ya dhahabu isiyofifia ni ya miaka ya 1950 na kuendelea. Jina la kiwanda, kwa mfano J.R. Gaunt wa Birmingham, husaidia sana likiwepo, ingawa mafundi wa kughushi nao wanalijua.

Kwa upande wa Lamu, tarehe ina uzito mwingine, na hili nalisema kwa moyo wote. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha kale kilichomo ardhini ni mali ya Serikali. Kuchimbua kukitafuta kunahitaji kibali, na anayekutana na kitu cha akiolojia anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata. Sasa fikiria historia ya Lamu na Witu. Wajerumani waliitangaza Witu kuwa chini ya ulinzi wao mwaka 1885. Mkataba wa Julai 1890 ukaitoa kwa Waingereza. Septemba mwaka huo Wajerumani wakauawa Witu, na Oktoba Admeri Fremantle akashusha mabaharia Kipini, wakapanda hadi Witu kwa Sultani Fumo Bakari na kuuchoma mji. Waingereza wakarudi tena kupigana Witu mwaka 1893.

Kwa hiyo nikiletewa kifungo cha baharia kutoka Kipini, chenye nanga iliyozungukwa na kamba na taji juu yake, taji lile si pambo. Likiwa la enzi ya Victoria, tunaweza kuwa upande wa 1890, kabla ya 1895, na kifungo kikawa kitu cha kale kisheria. Likiwa la wafalme, tumeshavuka 1901. Milimita mbili za shaba ndizo zinazoamua kama umeshika kumbukumbu ya babu ya mtu au mali ya umma. Usiyeona tofauti, chukulia kwamba ni cha kale na uwapelekee wenye ofisi. Gede, Takwa, Shanga, Pate, na maeneo yote ya magofu, mashine isifike kabisa. Magofu yale yanasomwa tabaka kwa tabaka, na shimo moja la shubiri mbili linakata kurasa kadhaa.

Sasa ndimu. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuing'arisha shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, na kwa sinia ni sawa. Kwa beji iliyokaa ardhini ni msiba. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na chumvi ya bahari huila zinki ikaacha shaba nyekundu yenye vitundu. Uso unabaki na maandishi yake, lakini umeshikwa na ile kutu ya nje. Ukiupitishia tindikali ya ndimu, kutu inatoka na herufi zinatoka nayo. Ile R ya kijana wangu ingekuwa imekwenda. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi. Yale yanayouzwa kama maji ya betri yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi. Tumia mswaki laini wa mtoto na kijiti cha meno, si sindano. Iache ikauke kivulini, kisha iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Ukiona unga wa kijani kibichi unaotoka upya baada ya wiki chache, chumvi ingali inafanya kazi ndani, na hapo inataka mtaalamu wa kuhifadhi.

Nikamwambia kijana ukweli: beji si ya babu yake, ni ya mtu aliyetoka mbali zaidi, Afrika Magharibi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jina la mtu huyo linaweza kujulikana. Kwa beji, hapana. Beji ni ya kikosi, na walivaa maelfu. Jina huwa kwenye ukingo wa medali ya fedha ya Vita vya Kwanza, pamoja na namba ya askari. Medali ambazo Uingereza ilitoa kwa Vita vya Pili hazikuandikwa majina. Babu aliyekuwa Keya mtafute kwenye karatasi yake ya kuachishwa jeshi: namba yake na batalioni yake. Ukipata namba una pa kuanzia kwenye Nyaraka za Taifa Nairobi.

Hili linanigusa kwa sababu majina yenyewe yamepotea kwa wingi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa mashariki na Wamisri, na humo wamo wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi. Pale ambapo daftari halina jina, kifungo kilichookotwa na mahali pake pakaandikwa kinaweza kuwa ushahidi pekee kwamba watu walipita.

Ukiwa umeokota kitu, nitumie picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavu, rula ikiwa kando yake, mwanga ukitoka pembeni. Andika jina la mahali, kina cha shimo, na vitu vyote vilivyotoka nacho hata kama unaviona takataka. Mashine ya kijana yule sasa imehifadhiwa kabatini kwa mjomba. Beji, kopo la maganda na ramani ya shamba aliyoichora mwenyewe kwa kalamu tumevipeleka Makumbusho pamoja.