Mprotestanti akisema Mkatoliki "hajaokoka" anamaanisha nini hasa?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkatoliki wa Kibosho, rozari haimtoki mkononi, misa ya kwanza kila jumapili mpaka miguu ilipokataa. Upande wa baba sisi ni Walutheri wa Machame, na mimi nimepata kipaimara KKKT, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania. Sasa bibi alipofariki, usiku wa pili wa msiba, binamu yangu mmoja ambaye ameokoka (anasali kanisa la kipentekoste mjini) akanivuta pembeni huku nyuma jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, hivi bibi aliwahi kuokoka kweli? Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa analia. Ndo maana swali hili nalichukulia kwa uzito, maana kwetu watu wengi wana mama Mkatoliki au shemeji Mkatoliki, na wanalala na hofu hiyo kifuani bila kumwambia mtu.

Tuanze na neno lenyewe. "Kuokoka" kwa Kiswahili chetu lina maana mbili zilizochanganyika. Ya kwanza ni ya Biblia, kuokolewa na Mungu kutoka dhambini na hukumuni. Ya pili ni ya mtaani, yaani kuwa mlokole, mtu aliyeongozwa sala ya toba siku fulani, anayeshuhudia, ameacha pombe, anasalimia "bwana asifiwe". Mtu akisema fulani hajaokoka mara nyingi anatumia maana ya pili ila hukumu anayoitoa ni ya maana ya kwanza, na hapo ndo mkanganyiko wote unapoanzia.

Na hilo jina walokole lina historia watu wameisahau. Limetoka Kiganda, balokole, waliookolewa, kwenye ule uamsho ulioanza miaka ya 1930 Gahini huko Rwanda na pia Uganda, ukashuka Bukoba kwa Walutheri, ukaingia Kenya na Tanganyika. Wale wa mwanzo walikuwa Waanglikana, na swali lao la "umeokoka?" waliwauliza kwanza Waanglikana wenzao, wachungaji na walimu wa misheni kabisa, watu waliobatizwa na kukomunika miaka nenda rudi. Kwa hiyo swali hili mwanzoni halikuwa fimbo ya kumchapia Mkatoliki, lilimhusu kila mtu anayedhani cheti cha ubatizo kinatosha.

Sasa mzizi wa tofauti. Mgogoro wa tangu Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, 1517 na kuendelea, unahusu kitu kinaitwa kuhesabiwa haki. Mprotestanti anasema Mungu anamhesabia mwenye dhambi haki ya Kristo, bure, kwa imani peke yake, na matendo mema yanafuata kama matunda. Mkatoliki anasema neema inaingia ndani ya mtu na kumfanya kweli kuwa mwenye haki, inaanza na ubatizo, inakua kwa sakramenti na matendo ya upendo, inaweza kupotea kwa dhambi ya mauti na kurudishwa kwa kitubio. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ukatoa tamko kwamba anayesema mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake, akimaanisha hakuna kingine kinachotakiwa, na alaaniwe. Waprotestanti wakasoma hapo wakasema basi Roma imeilaani Injili yenyewe.

Lakini tamko hilohilo la Trento, kanuni ya kwanza kabisa, linamlaani pia anayesema mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema kupitia Kristo. Hii wahubiri wetu wengi hawaisemi. Wanasema "Wakatoliki wanafundisha mtu anaokoka kwa matendo", kwa mkato hivyo, na si kweli kwa mkato hivyo. Tofauti ipo na ni kubwa, mi mwenyewe nasimama na Luther, ila ukitaka kupingana na mtu mpinge kwa anachokisema.

Halafu kuna jambo la uhakika, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naona ndo linaloumiza watu zaidi mitaani. Mlokole anamuuliza Mkatoliki: umeokoka? Mkatoliki mcha Mungu anajibu, natumaini, Mungu ndiye ajuaye. Mlokole anasikia "hapana". Kumbe huyu Mkatoliki amefundishwa kwamba kujitangazia kwamba wewe tayari uko salama moja kwa moja ni kiburi, Trento ilisema hivyo pia, kwamba bila ufunuo maalum mtu asijihakikishie kwamba atadumu mpaka mwisho. Kwa hiyo kwake "natumaini" ni unyenyekevu na ni tumaini la kweli kabisa, wakati kwa mlokole "natumaini" ni dalili ya mtu asiyejua anakwenda wapi. Lugha moja, watu wanapishana kama magari ya usiku. Ukiangalia Biblia ya Kiswahili yenyewe Paulo anatumia nyakati zote tatu, Waefeso 2:8 anasema mmeokolewa, 1 Wakorintho 1:18 anasema sisi tunaookolewa, Warumi 5:9 anasema tutaokolewa. Mlokole anaishi kwenye ile -me-, Mkatoliki anaishi zaidi kwenye -na- na -ta-, na zote tatu zimeandikwa.

Haya, je Waprotestanti wenyewe wamesemaje kuhusu Wakatoliki kuokolewa? Hakuna jibu moja, na mtu asikudanganye kwamba wale wa zamani wote waliwapeleka Wakatoliki motoni kwa jumla. Luther alimwita papa mpinga Kristo, maneno makali sana, ila Luther huyohuyo mwaka 1528 akiandika dhidi ya waliokuwa wanabatiza watu upya alikiri kwamba chini ya upapa kuna mema mengi ya Kikristo, Maandiko ya kweli, ubatizo wa kweli, sakramenti ya kweli. Calvin, mwanamatengenezo mwingine mkubwa, naye aliona ibada ya Roma imeharibika vibaya, lakini akasema bado yapo mabaki ya kanisa na Mungu ana watu wake humo. Ndo maana mpaka leo Mkatoliki akiolewa kwa Walutheri anapitia mafundisho tu na hapigwi maji tena, wakati Wapentekoste wengi na Wabaptisti watambatiza upya kwa maji mengi, kwa sababu kwao ubatizo wa mtoto mchanga haukuwa ubatizo, na hilo hata sisi Walutheri linatukumba, sio Wakatoliki tu.

Aliyelifungua hili vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni Richard Hooker, Mwanglikana wa London, 1586. Alikuwa anahubiri asubuhi pale Temple Church na mwenzake Walter Travers anahubiri mchana kwenye mimbari hiyohiyo akimpinga. Hooker alisema mafundisho ya Roma kuhusu kuhesabiwa haki yana kosa kubwa, hakulificha. Ila akauliza kuhusu baba zetu, mababu waliokufa ndani ya kanisa hilo kabla ya matengenezo, akasema hana shaka Mungu alikuwa na rehema akawaokoa maelfu yao, kwa sababu walikosea kwa kutojua. Travers akaona huyu anafungua mlango wa hatari.

Fikiria hoja ya Hooker inabeba nini. Kama mtu anaokolewa kwa kumtegemea Kristo, basi anaokolewa kwa Kristo, sio kwa kuweza kuielezea vizuri kanuni ya kuhesabiwa haki. Ukisema Mkatoliki anayemlilia Yesu kwa moyo wote hataokoka kwa sababu maelezo yake ya imani na matendo hayajakaa sawa, umegeuza maelezo sahihi kuwa tendo la kujiokolea, na hapo umeiacha ile imani peke yake uliyokuwa unaitetea. Mimi hii ilinichukua miaka kuiona na bado nikiifikiria inanishika.

Wapo waliobaki wakali. Mwaka 1845 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani, kundi la Old School, ulipiga kura kwa wingi mkubwa kwamba ubatizo wa Wakatoliki si ubatizo, ila mwanateolojia wao mkubwa Charles Hodge akaandika kuwapinga waziwazi. Wasabato wao wanaiona Roma kwenye unabii wa Ufunuo kwa namna nzito, lakini hata Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, aliandika kwamba wamo Wakristo wa kweli katika kanisa hilo wanaomtumikia Mungu kwa nuru waliyonayo. Na ule mstari wa Ufunuo 18:4 wanaoupenda unasema tokeni kwake, enyi watu wangu. Watu wangu, kabla hawajatoka.

Mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, kule Augsburg Ujerumani, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, kwamba ni kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, tunakubaliwa na Mungu. Wamethodisti wakajiunga 2006. Halijamaliza kila kitu, toharani, rehema (ule msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na kanisa), papa, vyote bado viko mezani, na kuna Waprotestanti wanaosema tamko limefunika ufa kwa rangi. Ila kwa KKKT, ambayo ni mwanachama wa fungamano hilo, lile neno la kwamba Roma na sisi tuna injili mbili tofauti kabisa si rahisi kulisema tena.

Na kwetu huku Afrika Mashariki ipo Namugongo, Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alichoma vijana Waanglikana na Wakatoliki kwenye moto mmoja, na ukihesabu wote waliouawa miaka ile ni 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Miaka michache tu kabla yake mapadri na wamisionari wa Kiingereza walikuwa wanabishana mbele ya Mutesa, baba yake Mwanga, nani ana dini ya kweli, na 1892 wafuasi wa pande hizo mbili wakapigana vita kabisa pale Mengo. Lakini katikati ya ubishi na vita kuna huo moto, na sijawahi kumsikia Mwanglikana wa Uganda anayewagawa wale vijana nani alifika na nani hakufika.

Kwa binamu yangu sikusema yote haya, msibani huwezi. Nilimkumbusha tu bibi alivyokuwa akijibu wiki zile za mwisho ukimuuliza anaendeleaje, anasema niko mikononi mwa Yesu na mama yake. Binamu akakwama kwenye "na mama yake", na namuelewa, maana kwa Mprotestanti kumuomba Maria ndiko kunakomtia hofu kwamba tegemeo limehama, mi mwenyewe siombi hivyo. Mi nikabaki kwenye lile neno la kwanza. Tukakaa pale kwenye magunzi mpaka wakaja kutuita tukabebe maturubai.