Mti wa Krismasi Unaoimba: Kwaya Ndiyo Mti Wenyewe

Kila Desemba inapokaribia, husambazwa picha za mti mrefu uliosimamishwa mbele ya duka au hoteli, umejaa taa, na spika zimefichwa katikati ya matawi, kisha huandikwa chini yake kwamba huo ni "mti wa Krismasi unaoimba". Siyo huo. Mti wa Krismasi unaoimba ni kwaya iliyopangwa juu ya jukwaa lenye umbo la pia, pana chini na jembamba juu, ambako waimbaji husimama safu juu ya safu mpaka kileleni anapobaki mmoja tu. Kiunzi cha jukwaa hufunikwa kwa majani na taa hadi usawa wa vifua vyao, hivi kwamba anayetazama kwa mbali huona nyuso zikichomoza kwenye kijani kama mapambo.

Chimbuko lake linajulikana vizuri, lakini wengi hulisahau, kwa hiyo inafaa tulieleze. Mwaka 1933, katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi nchini Marekani, Mignonne Caldwell wa idara ya muziki ya Chuo cha Belhaven, ambacho wakati huo kilikuwa chuo cha Kikristo cha wanawake, alipata wazo la kuwapanga wanafunzi wake wakae umbo la mti na kuimba nyimbo za Krismasi nje, mbele ya wakazi wa mji. Hakukuwa na mti uliotafutiwa waimbaji. Waimbaji ndio waliofanywa mti. Makanisa na shule nyingine zikaiga, na leo shule ya sekondari ya Mona Shores, huko Muskegon, Michigan, ambayo ilianza utamaduni huu mwaka 1985, hupandisha wanafunzi wake kwenye kiunzi chenye safu 15 na urefu wa futi 67, yaani kama mita 20.

Katika kimo hicho, kuimba kwenyewe hubadilika. Aliye juu na aliye chini hawasikiani kwa wakati mmoja, kwa hiyo wote hulazimika kufuata mkono wa kiongozi kuliko kufuata masikio yao. Kwaya zetu za Afrika Mashariki, zilizozoea kuimba kwa miondoko, zingeona tofauti mara moja, kwa sababu kwenye safu hizo hakuna nafasi ya kupiga hatua hata moja. Kazi hii ya mwili na nidhamu ndiyo inayofutwa tunapoipa spika sifa ya kuimba.

Mkanganyiko wa pili unatokana na jina "mti hai wa Krismasi". Wauza miche hulitumia kwa mti unaouzwa na mizizi yake ndani ya chungu ili upandwe ardhini baada ya sikukuu, ilhali makanisa mengi ya Marekani, hasa ya Kibaptisti katika majimbo ya kusini, hulitumia kwa kwaya hiyo hiyo ninayoieleza. Matumizi yote mawili ni halali, ila anayeandika hana budi kuonyesha anakusudia lipi.

Wala kwaya iliyosimama kuuzunguka mti uliopambwa haiwi mti unaoimba, hata iimbe vizuri namna gani. Kinyume chake, huko Zurich, Uswisi, kwenye uwanja wa Werdmühleplatz, kwaya tofauti hupokezana jukwaa lenye umbo la mti wakati wa majilio, na kila moja hupanda na kusimama ndani ya umbo hilo. Mti wenye spika tunaweza kuuita mti wenye muziki, nao una uzuri wake. Lakini kabla ya kuandika kwamba mti unaimba, ni vyema kwanza kuangalia kama kuna watu juu yake.