Zawadi ya kamisheni: umpe nini Luteni Usu wako, na umpe wapi

Kamisheni, ile sherehe ya kijana kutunukiwa uafisa wa jeshi na kuanza na cheo cha Luteni Usu, ikikaribia simu yangu haipumziki. Kazi yangu ni kupamba na kufungasha zawadi hapa Arusha, na wateja wangu kipindi hicho ni wazazi na ndugu wanaotoka Mbeya, Mwanza, Mtwara huko, kijana wao anamaliza Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, na swali ni lile lile, "dada, tumpelekee nini?" Wengine washaingia Google wakakutana na mambo ya Marekani, eti wazazi wanambandika mtoto cheo begani, eti afisa mpya anampa dola ya fedha askari wa kwanza kumpigia saluti. Mila nzuri ila ni za kwao. Huku kwetu kwa kawaida Rais, kama Amiri Jeshi Mkuu, ndo anatunuku kamisheni kwenye gwaride, na wewe mzazi umekaa jukwaani na leso yako ya machozi.

Kwa hiyo uwanjani sio mahali pa zawadi. Gwaride likiisha mtaonana naye, mtapiga picha pale mnaporuhusiwa, basi. Ukija na boksi lenye gundi na mariboni jiandae kulifungua getini likakaguliwe, na hapo kazi yangu yote imeharibika. Alafu usidhani kila mwaka ni Monduli, 2017 shughuli ilifanyika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa mjini, we soma kadi ya mwaliko kabla hujakodi Coaster.

Haya, mataji ya maua. Najua kwetu mtu hajahitimu mpaka shingo isionekane, lakini huyu yuko ndani ya sare na sare ina utaratibu wake, usimvamie ukamrundikia mataji matano hapo wakubwa zake wanaangalia. Muulize kwanza, "mwanangu, inaruhusiwa?" Akisema subiri mama, subiri. Na khanga ya shangazi nayo isubiri nyumbani, huko ndo atafungwa khanga, atatunzwa, ndafu itakatwa, watu watacheza mpaka asubuhi.

Zawadi yenyewe sasa. Chochote chenye sura ya jeshi achana nacho, iwe kofia ya mabaka, fulana, begi, buti. Sare anapewa na jeshi, na raia kukutwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo ni kosa, si mnakumbuka 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku 7 watu wayasalimishe? Mimi hata riboni ya mabaka sifungi, mteja akikasirika akasirike tu.

Kinachofaa ni kitu cha kubebeka, maana atapangiwa kikosi na hajui atahamishwa lini, sasa sofa ataiweka wapi? Suti nyeusi ya kushonesha kwa vipimo vyake ni zawadi kubwa sana, mesi ya maafisa, yaani bwalo lao, ina shughuli zake za suti na tai na vijana wengi wanafika huko hawana. Hela yako ni ndogo? Tranka la bati, ndani weka pasi, brashi mbili za viatu, kopo la kiwi nyeusi, taulo zito. Nimeona vijana wakifurahia hilo tranka kuliko simu.

Ukitaka kuandikisha saa au fremu, andika jina na tarehe, cheo usiandike. Luteni Usu ana nyota moja leo, akipanda saa yako inabaki imemshusha cheo. Namba yake ya jeshi na kikosi alichopangiwa usiandike kabisa, na Facebook pia usiposti.

Afisa wa kike naye mpeni zawadi ya kazi jamani, sio seti ya masufuria kama anaolewa. Na bahasha ya hela haina ubaya, mpe nyumbani, mkono kwa mkono.

Hiyo yote ni kwa ndugu na marafiki. Kama una tenda jeshini au unaitafuta, na huyo kijana hata ukoo wenu haugusani, njoo na kadi ya pongezi na kreti ya soda kwenye sherehe ya familia, ile bahasha nene rudi nayo.