Rasimu ya Kwanza Tunaitaka na Makosa Yake

Kila muhula unapoanza wazazi hunijia na swali moja, hata kama kila mmoja analivika vazi lake: binti yangu amekuwa akipata A ya Kiingereza miaka yote, mbona katika darasa lenu la juu la utungaji amepewa 11 kwa 20? Ninasimamia idara ya Kiingereza katika shule moja ya upili ya kutwa hapa Nairobi, na huenda hiyo 11 niliiandika mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Basi niieleze.

Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, Kiingereza kina karatasi tatu: ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60. Utungaji tunaouzungumzia hapa uko kwenye hiyo ya tatu. Mwanafunzi ana saa mbili na nusu kujibu maswali matatu ya alama 20 kila moja. La kwanza ni insha ya kubuni, na mawili yanayobaki yanahusu vitabu teule, yaani vile vya fasihi vilivyopangwa kusomwa kwa ajili ya mtihani. Insha ya kubuni haisahihishwi kwa kuhesabu makosa moja baada ya jingine. Mtahini huisoma yote, ndipo aamue iko daraja lipi. Alama 1 hadi 5 ni D, yaani mtahini anabahatisha tu mwandishi alitaka kusema nini. Kuanzia 6 hadi 10 ni C, ujumbe unafika lakini unachechemea. Kuanzia 11 hadi 15 ni B, lugha inatiririka na makosa yamepungua. Kuanzia 16 ni A. Kwa hiyo binti yako amebisha hodi kwenye B na amefunguliwa. Wengi hukwama hapo mlangoni, na mara nyingi sarufi haihusiki.

Kinachowakwamisha ni insha waliyokuja nayo kichwani kabla hawajaliona swali. Jua linachomoza mashariki, ndege wanaimba mitini, mama anaita kutoka jikoni, kisha kunatokea ajali au wezi, na mwishoni, kumbe ilikuwa ndoto! Nimesahihisha ndoto hizo hadi naziota mimi. Mtoto alifundishwa katika shule ya msingi kwamba misemo iliyokaririwa ndiyo Kiingereza kizuri, na ilimfaa wakati huo. Katika darasa la juu msemo ambao kila mtu anao hauna thamani, kwa sababu mtahini amekutana nao mara kumi kabla ya chai ya saa nne.

Insha za vitabu teule zina shida nyingine. Utangulizi una alama 2, hoja nne zina alama 3 kila moja, lugha 4, hitimisho 2. Hesabu mwenyewe: 12 kati ya 20 ni hoja. Mwanafunzi anayesimulia kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa Kiingereza safi, huku akisahau kwamba aliulizwa kuhusu tamaa ya mhusika fulani, anaziacha alama hizo mezani. Hata wenye watoto katika shule za kimataifa zinazofuata mfumo wa Marekani watakuta hali hiyohiyo. Mtihani wao wa AP, wa kiwango cha chuo kikuu lakini unaofanywa shuleni, kwa upande wa utungaji una insha tatu, kila moja alama 6, na 4 kati ya hizo ni za ushahidi na maelezo yake.

Hapo ndipo zinapotoka kanuni zetu ambazo wazazi wengi huziona kali. Kila insha huandikwa mara mbili. Rasimu ya kwanza huandikwa darasani, kwa mkono, katika vipindi viwili vilivyounganishwa, na haipewi alama yoyote. Mwalimu anaandika maswali pembeni: huyu ni nani? Ulijuaje? Aya hii inafanya nini hapa? Mwanafunzi ana wiki moja kuiandika upya. Alama inaingia kwenye rekodi baada ya rasimu ya pili, na rasimu zote mbili lazima zibanwe pamoja. Anayeleta ya pili bila ya kwanza hajaleta kitu.

Mzazi mmoja aliniambia huku ni kumpotezea mtoto muda. Nikamwonyesha daftari la mwanawe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za safari ya kwenda ushago, tangu kufunga mizigo. Ya pili ilianzia stendi ya Machakos Country Bus, nyanya akihesabu noti chini ya leso yake, na zile kurasa mbili za kufunga mizigo hazikuwepo tena. Kiingereza kilikuwa kilekile. Insha ambayo ingeishia C ilipata B ya juu, na aliyeipandisha ni mtoto mwenyewe kwa kufuta.

Sasa kuna jambo ambalo ni la jiji letu hasa, na nalisema bila kumhukumu mtu. Nairobi na viunga vyake kuna vijana wengi, wenye digrii zao, ambao riziki yao ni kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Mteja yuko Marekani au Uingereza, mwandishi yuko Roysambu na kompyuta yake, na malipo yanaingia kwa simu. Kwa wanafunzi wa England, sheria ya mwaka 2022 imefanya kuuza huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Ukosefu wa kazi naujua, sitajifanya siujui. Tatizo letu ni pale kaka mkubwa mwenye ujuzi huo anapomwonea huruma mdogo wake usiku wa kuamkia Jumatatu. Insha inakuja imenyooka kama shati la harusi, na mwenyewe hawezi kueleza aya ya pili ina maana gani. Kosa la kwanza, insha inafutwa na mwanafunzi anaandika nyingine mbele ya mwalimu, kisha tunaketi naye aieleze kwa mdomo. Kosa la pili tunamwita mzazi. Na kaka, tukiweza kumpata.

Kuhusu akili unde, yaani ChatGPT na wenzake, kanuni ni fupi: isiandike hata sentensi moja ya insha inayowekwa alama. Darasani huwa tunaitumia kwa njia moja tu. Tunaiagiza iandike insha, kisha wanafunzi wanaikosoa, na huwa hawaionei huruma hata kidogo. Lakini hatumhukumu mtoto kwa zile programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilishukiwa kimakosa. Watoto wetu karibu wote ni watu wa aina hiyo. Ushahidi wetu ni rasimu ya kwanza, kwa mwandiko wake, pamoja na makosa yake. Ndiyo maana tunayataka makosa hayo.

Kuchelewesha kazi: mwanafunzi ana siku mbili za hisani kwa muhula, azitumie atakavyo bila kueleza. Zikiisha, kila siku inakula alama mbili. Stima zikipotea mtaani, mvua ikifunga barabara, kukiwa na mgonjwa au msiba nyumbani, tuambieni mapema, hata kwa ujumbe mfupi, na siku hizo hazihesabiwi.

Sheng, ile lugha ya mitaani ya vijana wetu, haikatazwi katika mazungumzo ya wahusika. Makanga wa Githurai akizungumza kama mfalme wa Uingereza, nani atamwamini? Anayesimulia, hata hivyo, abaki na Kiingereza sanifu, na katika mtihani wa kitaifa Sheng itumike kama chumvi.

Tuisheni ya likizo msituombe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaikataza, na zaidi ya hilo, likizo ni ya kusoma. Tunataka vitabu vitatu nje ya vile teule. Si lazima vinunuliwe vipya. Maktaba ya McMillan iko katikati ya jiji tangu mwaka 1931, na wakazi wa Eastlands wana matawi yake Kaloleni na Makadara. Wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, nao wana hazina. Beba sarafu na subira. Gazeti la jana pia ni kitabu, hasa ukurasa wa maoni.

Walio na watoto Gredi ya 10, ya mfumo mpya, wasidhani haya hayawahusu. Kiingereza kimebaki somo la lazima kwa wote, awe amechagua sayansi, masomo ya jamii au sanaa na michezo. Waliofanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga pazia la KCSE mwaka 2027, na tutaendelea na madarasa yote kwa kanuni hizi hizi.

Nimebakisha swali ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wameshasimama waende: mwalimu, na sisi ambao Kiingereza hatukukisoma sana, tumsaidieje? Usimsahihishie. Mwambie afunge daftari, akueleze insha yake kwa lugha mnayoongea nyumbani, Kiswahili, Kikamba, Kisomali, yoyote ile. Akueleze kwa sentensi tatu: nani, alitaka nini, kikamzuia nini. Ukielewa, mwache aendelee kuandika. Usipoelewa, mwulize palepale ulipopotelea, kisha umrudishie daftari na kalamu.